Mwaka Timu Yetu Ilipohamia Gesti

Tulimzika Baba Lusajo kwao Ileje, juu kabisa milimani, mahali ambapo gari tulilokodi lilishindwa kupanda na tukamalizia kwa miguu, viatu mkononi, sketi tumezikunja zisishike tope. Tulikuwa sita kati ya wale wasichana tisa wa timu yetu. Wawili wanafanya kazi mbali na hawakupata ruhusa, mmoja alikuwa amejifungua wiki ile ile. Mchungaji alipouliza nani atasema neno kwa niaba ya watoto aliowalea marehemu, kila mtu akamtazama Lusajo, mwanawe wa kumzaa, lakini Mama Lusajo, mjane, akanyoosha kidole kuelekea tulikokaa sisi, akanionyesha mimi. Nilisimama. Nilisema kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba alitupenda, kwamba Mungu amlaze pema, kisha nikakaa. Hayo ndiyo maneno anayosemewa kila mtu. Sikusema alichotufanyia, na tangu nirudi Tunduma jambo hilo limenikosesha raha. Nimeona niliandike kabla halijaanza kunipotea.

Mwaka ule wa korona nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mlinzi wa goli katika timu ya mpira wa pete ya mtaani kwetu. Kocha wetu alikuwa Mama Lusajo, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, ambaye ujanani alicheza senta na mpaka leo akitembea haraka unaona mabega yanatafuta nafasi ya kupenya. Mumewe, Baba Lusajo, alikuwa dereva wa malori ya masafa. Kwa jasho la usukani wake walikuwa wamejenga gesti ya vyumba sita nyuma ya barabara kuu, nyumba ndefu yenye ua wa saruji, ukuta mrefu na geti la bati. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, gesti tuliijua kwa nje tu, maana wazazi wetu hawakutaka tuonekane karibu na gesti yoyote, hata ya kocha. Anayeijua Tunduma, mji wa mpakani uliojaa madereva, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Shule zilipofungwa, wiki ya kwanza tulishangilia. Wiki ya pili wengi wetu tulikuwa barabarani. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imerefuka mpaka eneo la Mpemba na zaidi, maana kuvuka kulikuwa kwa shida na madereva walikaa siku nyingi wakisubiri, na dereva anayesubiri anakula. Mama yangu alipika wali na maharage pembeni ya foleni, mimi nikibeba sahani. Tumaini, mfungaji wetu, aliuza mayai ya kuchemsha, ndoo kichwani, akipita kati ya gari na gari. Tumaini ana pumu. Tulizoea kumwona uwanjani akiinama, mikono magotini, akivuta kile kidude chake cha dawa, kisha ananyanyuka na kufunga goli. Siku moja Mama Lusajo alimkuta Mpemba ameegemea tairi la lori, ndoo iko chini, midomo imebadilika rangi, na dereva mmoja asiyejua Kiswahili anampepea kwa kofia. Ilikuwa pumu tu siku ile, vumbi na moshi. Lakini kocha alirudi nyumbani na Tumaini amempakata kwenye bodaboda, na kesho yake akaanza kuzunguka nyumba moja baada ya nyingine.

Alichowaomba wazazi kilikuwa kigumu kukisikia. Nilikuwa chumbani, yeye na mama wakiwa barazani, wakidhani nimelala.

"Nataka nikae nao pale kwangu," Mama Lusajo alisema. "Wote tisa. Mpaka shule zifunguliwe. Hawatoki, haingii mtu."

"Pale kwako wapi, mwalimu?"

"Gesti."

Nilisikia mama akiweka kikombe chini. "Binti yangu akalale gesti? Watu watasema nini?"

"Watasema. Na huyu akiendelea kubeba sahani kwenye malori watasema nini? Mama Edina, mimi vyumba vyangu havina mgeni, nimevifunga mwenyewe. Njoo uone. Njoo na mchungaji ukitaka. Njoo na wazee wa kanisa wote."

Walikwenda kweli, na mchungaji wakamchukua. Walifunua mashuka, wakachungulia chini ya vitanda, wakajaribu makomeo ya milango. Kocha alikuwa amelipaka chokaa neno GESTI lililoandikwa ukutani kwa nje, lakini ile rangi nyekundu ya zamani ilikuwa na kiburi, na jua likiwaka herufi zilionekana zote, zimefifia tu kama mtu aliyejipaka unga. Majirani walicheka. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika. Wazazi wakakubali mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaleta alichoweza: mchele wa Kamsamba, unga, mafuta, nusu gunia la maharage. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Nadhani alikubali kwa sababu alichoogopa zaidi ya maneno ya watu ni kuniletea ugonjwa yeye mwenyewe kutoka kwenye foleni, maana wateja wake walitoka nchi zote na yeye ndiye aliyekusanya vijiko vyao.

Mimi na Tumaini tulipewa chumba namba tatu, chenye dirisha linalotazama geti. Kuta zilikuwa za buluu nusu ya chini na nyeupe juu, neti ilikuwa na viraka, na ndani ya droo kulikuwa na vipande vya sabuni vilivyoachwa na wageni, vyembamba kama kucha. Nyuma ya kila mlango palibandikwa karatasi ya masharti: mgeni asiingize mtu asiyeandikishwa kitabuni, mgeni asipike chumbani, mgeni asivunje amani. Tulicheka mpaka Tumaini akatafuta dawa yake. Kocha alizibandua karatasi zote, akazigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu nene masharti yake. Kila mtu na kikombe chake, alama ya rangi ya kucha chini. Mikono kwenye ndoo ya koki kabla ya kula, kabla ya kushika mpira na baada ya kuushika. Joto la mwili kila asubuhi na kila jioni. Mtu akikohoa aseme, asijikaze. Na mpira wenyewe uoshwe kwa sabuni. Tulimwita mnoko kisirisiri. Wiki mbili za kwanza alitutenga ndani ya huo ua mmoja, barakoa za kitenge usoni, kila msichana amepewa kipande chake cha ukuta cha kurushia mpira. Siku nzima ilikuwa du, du, du, mpaka jirani akauliza kama tunabomoa nyumba. Wiki hizo mbili zilipokwisha bila mtu kuugua, tulivua barakoa, tukakaribiana, tukawa nyumba moja.

Skola, senta wetu, alipewa chumba peke yake kwa sababu ya kukoroma. Huyo ndiye aliyekuwa na kesi kila siku. Siku moja aliwashawishi wenzake wajifukize, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unapiga nyungu, na Tumaini naye akaingia chini ya blanketi ili asionekane mwoga. Alitoka akihangaika kutafuta hewa. Kocha aliimwaga ile sufuria ya majani katikati ya ua bila kusema neno, akakaa chini kwenye saruji yenye maji, akamshika Tumaini mgongo mpaka pumzi ikarudi. Baadaye akasema, "Dawa ya mmoja isiwe jeneza la mwenzake." Hatukurudia.

Baba Lusajo hakujua lolote kati ya haya. Alikuwa safarini kutoka Dar es Salaam na mzigo wa vigae vya kwenda Kongo, na simu yake, kama kawaida, iliishiwa chaji kila ilipohitajika. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele tukasikia mtu anagonga geti kwa funguo, ugongaji wa madaha, ko-ko, ko-ko-ko. Kocha aliruka kama msichana. Alifika getini, akashika komeo, akasimama. Hakulifungua.

"Fungua basi, mama," sauti ya kiume ikasema. "Au umeolewa na mwingine?"

"Baba Lusajo, simama hapo hapo. Usisogee."

"Kuna nini? Nyoka?"

Akamweleza kupitia upenyo wa geti. Sisi tulijazana dirishani chumba namba tatu. Niliona kofia yake, kipande cha uso, na mananasi mawili ameyaning'iniza kwa kamba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangapi?"

"Tisa."

"Na mimi wa kumi nisiingie kwangu."

"Umekula na madereva wa nchi ngapi njiani?"

Alifikiri kidogo. "Nne. Na yule Mnyarwanda, tano."

"Humu ndani kuna mtoto ana pumu, mume wangu. Ukiingia wewe na kitu kikaingia nawe, nitakwenda kumwambia nini mama yake? Mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Nilingoja akasirike. Ndivyo nilivyowajua wanaume waliotoka safari wakakuta mambo yamegeuzwa. Badala yake alicheka, cheko la chini la mtu aliyechoka, akayaweka mananasi kwenye kigoda kilichokuwa nje. "Mimi kitanda kinanipa maumivu ya mgongo siku hizi," alisema. "Nipe blanketi. Lile zito."

Hivyo ndivyo alivyohamia kwenye kebini ya lori lake, Mpemba, akiwa na nyumba yenye vyumba sita. Kila jioni, kabla jua halijazama, alikuja kula. Kazi ya kumpelekea chakula ilikuwa yangu: nafungua geti, naweka hotpoti kwenye kigoda, narudi nyuma hatua nne, nafunga. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, leo mmefunga mangapi?" Hakujua mpira wa pete hata kidogo. Alijua mpira wa miguu. Alikula amesimama, jicho moja kwenye upenyo, akitupa mashauri, "Mpige chenga huyo!" na Skola anamjibu kwa mbali, "Baba, huku hakuna chenga, nikitembea na mpira nimekosea!" na yeye anasema, "Basi huo mchezo una uonevu." Akimaliza kula, kocha alikuja kukaa upande wa ndani wa geti, yeye upande wa nje, wakaongea. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza watu wazima waliooana wakiongea bila kugombana wala kuagizana. Waliongea juu ya bati za nyumba ya Ileje, juu ya Lusajo aliyekuwa chuoni na hapokei simu, juu ya dereva wa Kizambia aliyemfundisha kupika nshima, ugali wa kwao, na samaki wadogo kwenye jiko la gesi. Kuna siku walikaa hawasemi kitu kabisa, na hakuna aliyeondoka. Tumaini alininong'oneza kitandani, "Edina, mimi nikiolewa nataka hivyo." Nilimwambia hivyo vipi, na bati katikati? Akasema ndiyo, hata na bati.

Wiki ya nne au ya tano, hotpoti ilianza kurudi nzito. Siku ya kwanza alisema ameshiba, amekula na wenzake. Siku iliyofuata niliona amemwaga chakula kwa mbwa wa jirani, akidhani nimeshafunga. Siku ya tatu sikumwona amesimama. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye geti, na bati lilikuwa likitetemeka kidogo kidogo kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka yeye. Kocha alikuwa jikoni.

"Baba, unaumwa?"

"Vumbi," akasema, kisha akakohoa kikohozi kikavu kilichomkunja. Alipopata pumzi aliongea polepole, neno kwa neno. "Sikiliza mwanangu. Usimwambie kocha wako. Namjua yule. Akijua atatoka aje kunihudumia, na akitoka hawezi kurudi humo ndani. Nani atabaki na ninyi? Mtarudi makwenu. Yule mwenzako mwenye pumu atarudi kwenye mayai. Haya ni mafua, yatapita. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Niahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mtu mzima aliyelala kwenye lori kwa ajili yetu alikuwa ananiomba. Lakini nisijifanye mwema. Katika ile ahadi kulikuwa na ubinafsi wangu pia. Sikutaka kurudi kubeba sahani. Nilikuwa na kitanda, nilikuwa na wenzangu, nilikuwa nadaka mipira ambayo zamani ilinipita, na kwa mara ya kwanza nilijiona mtu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo vyote hivyo vinakwisha. Kesho yake mazoezini kila mpira ulinipita. Kocha alisimamisha mchezo, akanitazama kwa muda.

"Edina, una nini?"

"Tumbo, kocha."

Aliendelea kunitazama, kama anayesubiri. Kisha akapuliza filimbi.

Jioni hiyo Baba Lusajo hakuja. Nilisimama getini na hotpoti mpaka mikono ikachoka. Njia ilikuwa tupu, ukiacha kuku na mwanamke mmoja aliyeanua nguo. Nikamwona kichwani mwangu, ndani ya kebini, vioo vimefungwa, peke yake na lile blanketi, na hapo ahadi yangu ikaonekana ilivyo. Nilikimbia jikoni. Nilimwambia kocha yote isipokuwa jambo moja. Aliponiuliza, "Amekwambia lini?" nilisema, "Leo asubuhi. Alipita." Nilidanganya. Hakunibishia. Alizima jiko, akavua kanga ya kiunoni, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, kama anayekwenda kula.

Alituita uani, akasimama mbali nasi, karibu na geti. Aliweka funguo zote chini kwenye saruji. "Ninakwenda kwa mume wangu," alisema. "Sirudi humu ndani mpaka nijue niko salama. Edina, hizi ni zako. Tumaini, kipima joto na daftari ni vyako. Skola, wewe ni jiko, na Mungu awasaidie. Geti hili lisifunguliwe kwa mtu. Hata mimi nikiomba, hata nikilia, msinifungulie. Mmesikia?" Tumaini alianza kulia. Kocha alitaka kumsogelea, mguu mmoja ukaenda mbele, akaurudisha. Akatoka. Tulisikia bodaboda ikiondoka.

Alimkuta kwenye kebini, madereva wawili wakimnywesha maji ya tangawizi kwa kijiko. Walisaidiana kumshusha, akapelekwa hospitali usiku ule ule, akawekwa peke yake na kupewa hewa ya mtungi kwa siku nne ambazo hatukujua kama ataamka. Mama Lusajo hakuruhusiwa kukaa naye, na kwetu hakutaka kurudi kwa kuwa alikuwa amemshika, amembeba, amemfuta jasho. Basi akaingia kwenye kebini ya mumewe, baada ya kuisugua yote kwa maji ya jiki, akalala humo siku kumi na nne. Mwalimu mzima, kati ya malori. Alfajiri foleni ikisogea, dereva mmoja wa jirani alikuja kumsogezea gari, na yeye akikaa barazani mwa duka lililo karibu mpaka gari lisimame. Mwanzoni alitembea mwendo mrefu kuja kuchukua chakula chake. Kila siku lori lilisogea kidogo kuelekea mjini, na kila siku mwendo wake ulipungua. Alisema hiyo ndiyo safari pekee aliyowahi kusafiri na gari la mumewe.

Wakati huo ndani tulikuwa tunajitawala, na mwanzoni hatukujitawala vizuri. Siku ya pili wasichana wawili walifunga mizigo. Walisema kocha hayupo, ugonjwa uko mlangoni, tunakaa hapa kwa ajili ya nani? Nilijaribu kupayuka kama kocha, sauti ikakatika. Aliyewajibu ni Tumaini, ambaye hakuwa msemaji. Alisema, "Mkienda mnakwenda barabarani, na mkirudi hatuwezi kuwafungulia. Mimi siwezi kwenda popote. Mkibaki nitashukuru." Basi, hivyo tu. Walikaa na mizigo yao uani karibu saa nzima, kisha mmoja akaenda kuchambua maharage, na wa pili akamfuata. Mama yangu aliposikia kwamba tuko peke yetu gestini alikuja mbio, nikajua leo narudi nyumbani. Alinitazama kupitia upenyo, akatazama ua uliofagiliwa, ndoo ya koki, daftari la Tumaini. "Umekula?" aliuliza. Nikasema nimekula. Kesho yake hakwenda kwenye foleni. Alileta kiti chake na sinia la karanga, barakoa usoni, akakaa nje ya geti letu kutwa, na akaja hivyo kila siku mpaka kocha aliporudi. Kila mwanaume aliyepunguza mwendo kusoma zile herufi za ukutani alimsikia akimfokea.

Na mazoezi hayakusimama. Kocha akija kuchukua sahani alikaa pale nje na kutufundisha kwa masikio. "Nasikia miguu ya Skola, imechelewa! Edina, mbona mpira umegusa chini?" Tulishangaa anajuaje. Ugali wa Skola aliula wote, uwe mbichi au umeungua, na kusema umeiva.

Baba Lusajo alitoka hospitali baada ya siku kumi na moja, amebaki nusu yake. Siku kumi na nne za kocha kwenye kebini zilipokwisha, tajiri wa lile lori alimtuma dereva mwingine kupeleka vigae. Baba Lusajo mwenyewe alipumzika kwenye chumba cha nyuma kwa jirani mpaka daktari alipomruhusu kuchanganyika na watu, na ndipo siku moja, mchana kweupe, kocha akamshika mkono akamwingiza nyumbani kwake. Tulijipanga uani, tumevaa jezi. Alisimama kwenye geti kama mgeni, kofia mkononi. "Shikamoo baba," tukasema wote kwa pamoja. Baadaye sana, akiwa amekaa na kikombe cha uji, aliuliza kwa unyenyekevu chumba chake ni namba ngapi.

Siwezi kusema ni yale masharti yaliyotulinda au ni bahati. Nasema tu kwamba tuliingia tisa na tukatoka tisa shule zilipofunguliwa, na kifua cha Tumaini hakikuguswa. Mechi ya kwanza tulicheza na wasichana wa Mlowo tukafungwa, si kwa kidogo. Baba Lusajo alikuwa pembeni, amevaa koti jua likiwaka, akipiga makofi kila mpira ukipaa bila kujali ni wa nani. Hakurudi barabarani tena. Alihamia Ileje akalima kahawa na maharage, na kila msimu alitutumia debe la maharage la kugawana. Mwaka huu presha ikamchukua akiwa shambani, asubuhi, bila kuteseka.

Siku ya pili ya matanga niliingia chumbani kwa Mama Lusajo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, wanawake wengine wametoka kuosha vyombo. Wenzangu watano waliingia nyuma yangu. Nilikuwa nimebeba lile jambo miaka yote na nikaona sitalipeleka nyumbani tena.

"Kocha," nilisema, "siku ile nilikudanganya. Hakuniambia asubuhi. Aliniambia jana yake. Nilikaa nalo siku nzima."

Alinitazama kama alivyonitazama mazoezini.

"Najua," alisema. "Mimi nilikuwa na siku tatu."

Alisogea kidogo mkekani, akanipa nafasi nikae.

"Nani alikuwa anaosha ile hotpoti, Edina? Mimi. Mke hajui mumewe amekula kiasi gani? Na kikohozi nilikisikia kutoka jikoni. Siku tatu nilijifanya kiziwi. Nikitazama mlango namwona yeye, nikigeuka namwona Tumaini. Nikawa naomba mtu mwingine aniambie, ili miguu yangu iondoke. Nilikuuliza una nini, ukasema tumbo, na mimi nikashukuru. Nilishukuru, unasikia? Nikapata siku nyingine ya kutochagua."

Tumaini, ambaye sasa ni mwalimu na ana timu yake ya wasichana, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Nilimwambia yeye alipopona," Mama Lusajo akaendelea. "Nilimwambia yote. Akasema alihisi kwamba nimeanza kujua. Alisema ndiyo maana alikuja kula kila siku hata alipokuwa hawezi kula, ili nisikie sauti yake nikae nikifikiri bado ana nguvu." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakunilaumu hata siku moja. Basi na wewe usijilaumu mbele yangu. Mlikuwa watoto. Tena nawashukuru, mlinirudishia nyumba yangu kama nilivyoiacha."

Nilitaka kusema sisi ndio wa kushukuru, lakini nilimwona macho yanafumba. Hakuwa amelala tangu msiba uanze, kila anayeingia alitaka kumshika mkono na kusimuliwa upya. Skola alikwenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni, na mwanamke wa kwanza aliyetaka kuingia akaambiwa kwa heshima asubiri. Nilikunja koti langu likawa mto.

"Lala kidogo, kocha," Tumaini alisema. "Sisi tupo."

Alibisha, kama kawaida yake, akasema wageni, akasema chai, akauliza nani anaangalia sufuria kubwa. Tukamwambia imeangaliwa. Akajilaza ubavu, miguu tukaifunika, na kabla hajamaliza sentensi aliyokuwa ameianza usingizi ukamchukua. Tulikaa tumemzunguka, mchana ule, tukisikia watu wanapasua kuni nje, na hatukumwamsha mpaka alipoamka mwenyewe.